Picha, video na kaseti za nyumbani: namna ya kuzitunza Tanga zisipotee

Ukifungua droo ya chini ya kabati la runinga katika nyumba ya Ngamiani, Makorora au Chumbageni, aghalabu utakuta maisha ya ukoo mzima yamerundikwa humo. Kuna kanda za VHS za harusi, kaseti za taarabu na mawaidha, CD zenye michubuko, flashi mbili tatu, memori kadi iliyofungwa kwenye karatasi, na simu ya zamani isiyowaka ambayo hakuna anayethubutu kuitupa kwa sababu "ina picha za mama". Vitu hivi vina maadui wengi katika mji wetu. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, masika huleta ukungu, na mwizi wa laptopu haulizi kilichomo ndani.

Mwongozo huu ni wa yule mtu mmoja katika kila familia ambaye huombwa picha kila panapotokea harusi au msiba. Naomba uzifuate hatua kwa mfuatano wake. Wengi huanza kwa kukimbilia dukani kununua diski kubwa, na hapa kununua ni hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Kusanya, andika, usifute

Tafuta boksi moja na daftari moja. Pita nyumba nzima, halafu pita kwa ndugu. Albamu ya harusi ya wazazi huenda iko kwa shangazi Pongwe, na video ya khitma ya babu iko kwenye simu ya binamu anayefanya kazi bandarini. Kila kifaa kibandike namba, kisha andika daftarini ni kitu gani, ni cha nani, na kina nini kwa kadiri unavyojua. Wakati huu usifute chochote, hata kama unaona picha moja imejirudia mara sita. Kufuta kunahitaji utulivu, na mtu aliyezungukwa na vifaa vya watu hana utulivu.

Simu ndizo zenye kazi kubwa. Picha nyingi za familia siku hizi hupita WhatsApp, na WhatsApp huzibana: picha iliyopigwa ikiwa na megabaiti 4 hukufikia ikiwa na kilobaiti mia chache tu. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti, lakini ukitaka kuisafisha ukubwa wa fremu ya ukutani utaiona. Kwa hiyo mtafute aliyepiga. Kama ni kijana mwenzako, mwambie akutumie kama hati, si kama picha ya kawaida, kwani hati haibanwi. Kama ni mtu mzima, nenda mwenyewe na waya: "Shikamoo mama mkubwa, naomba simu yako nusu saa ninakili picha za harusi, sitafuta kitu." Hiyo ahadi ya kutofuta itaje, na uitimize.

Jambo jingine la kufanya mapema ni kumfuata mpiga video wa harusi. Muombe mafaili yenyewe, yaani video ya mwisho katika ubora wake kamili pamoja na picha zote alizokabidhi, usiridhike na DVD. Naye ana kazi mpya kila wiki na diski zake hujaa, kwa hiyo usitegemee kwamba atakuwa anakutunzia kazi yako baada ya mwaka.

Hatua ya 2: Tenga kisichopatikana tena

Hapa ndipo ninapotaka usimame kwa muda mrefu, kwa sababu uamuzi wa hatua hii ndio unaofanya kazi nzima iwezekane kwa mfuko wa kawaida.

Gawa mkusanyiko wako mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kile ambacho kikipotea hakuna duka wala mtandao utakaokirudisha: sauti ya bibi akisimulia, harusi, maulidi ya nyumbani, mtoto akianza kutembea, picha za watu waliotangulia. Fungu la pili ni filamu, tamthilia, muziki wa kununua na mihadhara inayopatikana kwa wengine. Kuna vitu vya katikati. Kaseti ya dukani ya Black Star au Lucky Star pengine anayo mpenzi mwingine wa taarabu hapa hapa mjini, lakini kaseti ambayo baba aliirekodi kwa redio yake ukumbini usiku wa harusi, ikiwa na vigelegele na majina ya waliotunza, hiyo ipo kwako peke yako duniani. Ukiwa na shaka, iweke fungu la kwanza.

Sasa fanya hesabu. Tuchukue familia yenye picha 30,000 za wastani wa megabaiti 4: hizo ni gigabaiti 120. Video za simu za saa 40, kwa megabaiti 130 kwa dakika, ni kama gigabaiti 312. Kanda za VHS za saa 20 zikishaingizwa kwenye kompyuta ni kama 72, na kaseti za saa 50 ni kama 16. Jumla ni gigabaiti 520. Familia hiyo hiyo ina filamu na tamthilia za terabaiti 1.4. Ikitaka nakala tatu za kila kitu, itahitaji nafasi ya karibu terabaiti 6. Ikiweka nakala tatu za fungu la kwanza na nakala moja tu ya filamu, terabaiti 3 zinatosha. Gharama inashuka nusu, na kilichoachwa na nakala moja ni kile ambacho hakitamliza mtu.

Hatua ya 3: Nunua diski, na uijaribu kabla ya kuiamini

Kwa kuhifadhi nyumbani, chaguo langu ni diski ndogo ya nje ya inchi 2.5, ile ya sahani zinazozunguka, inayopata umeme kupitia waya wake wa USB. Haihitaji adapta ya ukutani, kwa hiyo ukiifanyia kazi kwa laptopu yenye betri iliyojaa, umeme ukikatika diski haistuki. Nyingi za aina hii huandika polepole unapobadilisha vitu vya zamani, lakini kwa hazina ambayo unaongeza tu na hubadilishi, hilo si tatizo.

SSD, yaani diski isiyo na sahani zinazozunguka, ina kasi na haiogopi kuanguka, ndiyo maana ni nzuri kwa kufanyia kazi. Kwa kuweka kabatini miaka mingi bila umeme siipendekezi. SSD hutunza data kwa chaji ya umeme ndani ya chembe zake, chaji hiyo huvuja polepole, na joto huongeza kasi ya kuvuja. Kipimo cha viwanda cha JEDEC kwa SSD za watu wa kawaida ni kwamba, ikishatumika hadi mwisho wa uhai wake wa kuandikwa, iweze kukaa bila umeme mwaka 1 kwenye nyuzi joto 30. SSD mpya hukaa zaidi ya hapo, lakini chumba cha Tanga mwezi wa pili mchana hupita hizo nyuzi 30. Flashi na memori kadi nazo ni za kubebea, si za kutunzia.

Utashangaa diski ya terabaiti 1 ikijionyesha kwenye Windows kuwa na gigabaiti 931. Hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa maelfu, na Windows huhesabu kwa 1,024.

Wizi wa kweli upo kwenye flashi na diski za bei ya kutupa zinazoandikwa terabaiti 2 huku ndani zina gigabaiti 32. Kompyuta hudanganywa kuona ukubwa wa uongo, unanakili kila kitu bila kosa lolote kutokea, na unapokuja kufungua unakuta mafaili matupu. Dawa yake ni programu ya bure: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux na Mac. Huijaza diski yote kisha huisoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo. Huchukua saa nyingi, iache usiku. Diski isiyofaulu irudishe dukani kesho yake ukiwa bado na risiti.

Nunua diski mbili au tatu za kampuni tofauti, au angalau usinunue zote siku moja kutoka boksi moja. Zilizotoka kiwandani pamoja zikiwa na kasoro moja zinaweza kufa kwa kufuatana. Na usidhani diski nzuri haifi. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayoendesha mamia ya maelfu ya diski, hutangaza takwimu zake, na wastani wa miaka ya karibuni ni kati ya diski 1 na 2 zinazokufa katika kila 100 kwa mwaka. Hizo zimekaa kwenye vyumba vya ubaridi na umeme usioyumba.

Kuhusu fomati, yaani namna diski inavyopangwa kupokea mafaili: FAT32 iepuke, haipokei faili lenye gigabaiti 4 au zaidi, na video moja ya harusi hupita hapo. Familia yenye Windows tu itumie NTFS, ambayo huvumilia zaidi waya ukichomoka ghafla. Palipo na Mac pia, tumia exFAT, kwa kuwa Mac huisoma NTFS lakini yenyewe haiandiki humo.

Hatua ya 4: Kanda na kaseti kwanza, maana muda wake unayoyoma

Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuunda deki za VHS, iliacha Julai 2016. Deki zilizobaki ni za kutengenezwa tengenezwa, na kila mwaka zinapungua. Kama una kanda, hii ndiyo kazi ya kutangulia kuliko picha za simu.

Kabla ya kuiingiza kanda, fungua mlango wake mdogo na utazame kwenye mwanga. Ukiona vumbi jeupe au madoa kama ya uyoga kwenye ukingo wa utepe, huo ni ukungu. Usiicheze. Ukungu huchafua vichwa vya deki, na deki itaupeleka kwenye kanda nyingine zote. Itenge kwenye mfuko wake na umpelekee fundi anayejua kusafisha utepe. Kanda safi ipeleke mbele hadi mwisho, irudishe mwanzo, ndipo uicheze.

Deki unaiunganisha na kompyuta kwa kifaa kidogo cha USB cha kunasa video, kile chenye vichomeo vya njano, nyekundu na nyeupe. Kwenye mipangilio chagua PAL, 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, ndiyo mfumo uliokuwa ukitumika kwetu. Ukiiacha kwenye NTSC, mfumo wa Marekani, picha itaruka au itakosa rangi. Rekodi kwa kiwango cha megabiti 8 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 3.6 kwa saa. Kama mna kanda ndogo za MiniDV, hizo zina data ya kidijitali tayari. Zinataka kamera yake na waya wa FireWire, na hutumia kama gigabaiti 13 kwa saa.

Kwa kaseti za sauti, toa waya kwenye tundu la kutolea sauti la redio, uingize kwenye kompyuta, na urekodi kwa Audacity, ambayo ni ya bure. Laptopu nyingi zina tundu la maikrofoni tu, ambalo hupokea upande mmoja wa sauti. Adapta ndogo ya sauti ya USB hutatua hilo. Acha kilele cha sauti kiishie kwenye desibeli 6 chini ya sifuri, ili mwimbaji akipandisha isipasuke. Hifadhi kwa FLAC. Saa moja ya sauti ya kiwango cha CD ni megabaiti 635, na FLAC huipunguza karibu nusu bila kupoteza chochote, tofauti na MP3.

Usisafishe mvumo wa kaseti kwenye faili la asili. Ukitaka toleo safi la kusikiliza kwenye gari, lifanye pembeni. Na kanda zenyewe usizitupe baada ya kuzinakili.

Hatua ya 5: Majina

Mali bila daftari hupotea bila habari, na faili linaloitwa IMG_4471 ni mali ya namna hiyo.

Tumia tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kisha tukio, kisha mahali: 2016-08-20_Harusi_Raskazone. Kompyuta itazipanga zenyewe kwa miaka. Usipojua siku, andika 1987-00-00, na usipojua mwaka, andika muongo: 1970s. Epuka alama za mkwaju, nukta mbili na vikaragosi, maana mfumo mmoja huvikubali na mwingine hukataa. Folda zisizidi ngazi tatu. Folda ndani ya folda ndani ya folda hufanya watu wakate tamaa.

Jina la faili peke yake halitoshi. Ndani ya kila folda weka faili dogo la maandishi, liite MAELEZO, na uandike waliomo kwenye picha, kuanzia kushoto kwenda kulia, na nani amekusimulia. Hili ndilo jambo ninalokusihi kuliko mengine yote kwenye mwongozo huu. Diski unaweza kuinunua hata mwakani. Mtu anayemjua yule mzee aliyevaa tarbushi kwenye picha ya mbele ya kiwanda cha katani huenda mwakani asiwepo. Nenda kwa bibi jioni baada ya alasiri, mpe picha moja moja kwenye laptopu, na uache simu ikirekodi sauti. Muda usikusukume, wala wewe usimsukume yeye. Mara nyingi jina la mtu mmoja hutoa habari ya mtaa mzima, nani alihamia kutoka Pangani, nani alikuwa akipiga ngoma, duka gani lilikuwa pale kabla ya benki. Rekodi hiyo nayo ni fungu la kwanza, iweke ndani ya folda ya picha zenyewe.

Picha yenye majina na mwaka ina thamani hata nje ya ukoo. Pale Boma la zamani, ilipo Makumbusho ya Urithi Tanga, picha kongwe za mji huu zinatazamwa na watoto wetu, na nyingi zaidi bado zimo majumbani zikiwa hazina hata jina moja nyuma yake.

Hatua ya 6: Nakala tatu

Kanuni inayotumika duniani ni ya mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae mbali na nyumba. Kwa nyumba ya hapa, naipanga hivi.

Nakala A ni ile mnayoitazama, kwenye kompyuta au diski inayochomekwa kwenye runinga. Nakala B ni diski ya nje inayokaa kabatini, haichomekwi ila siku ya kuongeza vitu. Nakala C ni diski iliyo kwenye nyumba nyingine, na iwe mbali kweli. Kwa dada anayeishi barabara ya pili haitoshi, moto au mafuriko ya mtaa mmoja yatazichukua zote. Muheza iko kama kilomita 35, inafaa. Ndugu akiwa Korogwe au Lushoto ni bora zaidi, na huko Lushoto hewa ni baridi na haina chumvi.

B isiachwe imechomekwa. Virusi vya kufunga mafaili na kudai fedha hufunga kila diski vinavyoikuta, na radi ya masika hupita kwenye waya bila kuchagua. Kwa sababu hiyo hiyo, sanduku lenye diski mbili zinazoakisiana kwa RAID ni diski moja kwa hesabu yangu: ukifuta upande mmoja, na wa pili umefutika sekunde hiyo hiyo.

Usinakili kwa kuburuta folda kwa mkono. Tumia FreeFileSync, ya bure, inayolinganisha pande mbili na kupeleka kipya tu. Chagua namna iitwayo Update. Ile ya Mirror hufuta kwenye B chochote kilichofutwa kwenye A, na mtoto akifuta folda leo, kesho utaifuta mwenyewe kwenye bekapu bila kujua. Mwenye Linux anayo tayari rsync, programu ya kazi hiyo hiyo. Ukimaliza, linganisha tena pande zote mbili kwa yaliyomo ndani ya mafaili, si kwa tarehe na ukubwa tu. Kwenye USB 3 terabaiti moja huchukua kama saa tatu. Kwenye tundu la zamani la USB 2 huchukua saa nane, kwa hiyo tafuta tundu la buluu.

C ibadilishwe kwa safari zilizopo. Mnapokwenda Idi au kwenye arusi, chukua B iliyojaa mambo mapya, iache huko, na urudi na ile ya zamani. Kwenye basi diski iwe mkobani mwako ikiwa imefungwa kwenye nguo, isiwekwe kwenye buti chini ya magunia.

Hatua ya 7: Heshima ya waliomo

Siku ya hina na singo wanawake hujipiga picha wao kwa wao, bila mitandio, kwa kuaminiana. Picha hizo zikikaa kwenye diski ambayo kila mpwa anaichomeka kwenye runinga, umewavunjia heshima yao hata kama hukukusudia. Zitenge folda yake, na atakayezitunza awe mwanamke wa familia.

Diski inayotoka nyumbani, yaani C, pamoja na B inayobadilishana nayo, ifungwe kwa nywila. VeraCrypt ni ya bure na hufanya kazi Windows, Mac na Linux. Mwizi akiichukua ataona diski isiyosomeka tu. Lakini kumbuka kwamba VeraCrypt haina mlango wa nyuma. Nywila ikisahaulika, hakuna fundi atakayeifungua. Iandike kwenye karatasi, ziwepo karatasi mbili kwa watu wawili, na isikae boksi moja na diski. Weka pia ndani ya boksi maelekezo mafupi ya Kiswahili: programu gani hufungua, faili gani libofywe. Siku maelekezo hayo yatakapohitajika, huenda wewe mwenyewe hupo.

Kabla ya kupandisha chochote mtandaoni, muulize aliyemo. Wazee wengi watakubali. Wanaokataa wana haki yao.

Hatua ya 8: Mtandao kwa vitu vichache

Google Photos iliacha kuhifadhi bila kikomo bure tarehe 1 Juni 2021. Sasa bure ni gigabaiti 15, na hizo unagawana na barua pepe zako. Kupandisha terabaiti 1 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kunachukua siku 18 usiku na mchana, na bando la kazi hiyo ni ghali. Kwa hiyo peleka mtandaoni picha mia chache zilizo bora na rekodi za sauti za wazee, usijaribu kupeleka vyote. Na ingia kwenye akaunti mara kwa mara, kwa sababu Google ina sera ya kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka 2.

Hatua ya 9: Unyevu, chumvi na umeme

Nunua kontena la plastiki la chakula lenye mpira kwenye mfuniko. Ndani weka diski kwenye pochi yake pamoja na silika jeli. Zile pakiti za kwenye boksi za viatu mara nyingi zimeshashiba unyevu kabla hujaziona. Tafuta zinazobadilika rangi, ambazo ukiziona zimegeuka unajua zimejaa, na unaweza kuzikausha kwenye oveni kwa joto la nyuzi 110 hivi na kuzitumia tena. Za buluu zina kemikali yenye sumu, usizikaushe kwenye sufuria ya chakula, na ziwe mbali na watoto. Mchele usiweke, una vumbi linaloingia kwenye matundu.

Kontena likae kabati la ndani, juu ya usawa wa goti, mbali na ukuta wa upande wa bahari na mbali na friji. Diski ikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi iache nusu saa hadi saa moja kabla ya kuichomeka, ili jasho linalotokea juu yake likauke. Kichomeo cha USB kikianza kuwa na kijani au weusi, hiyo ni kazi ya chumvi. Badilisha waya kabla hujailaumu diski.

Kompyuta ya mezani iwe na UPS, yaani betri ya akiba ya umeme ukikatika. Laptopu haina haja, betri yake inatosha, ila soketi yake ipitie kifaa cha kuzuia umeme mkubwa. Taa zikianza kupepesa, maliza unachonakili, toa diski kwa njia ya usalama, subiri.

Hatua ya 10: Kagua mara mbili kwa mwaka

Mimi napendelea kabla ya masika na kabla ya vuli, yaani Februari na Septemba. Chomeka B na ufungue CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Tazama mistari miwili: namba 05, sehemu zilizohamishwa, na C5, sehemu zinazosubiri. Zote zinatakiwa kuwa sifuri. Zikianza kupanda, diski inaaga, hata kama bado inafanya kazi vizuri. Kisha fungua kwa macho yako mafaili ya miaka tofauti, video uisogeze hadi dakika za mwisho, sauti uisikilize.

Mwenye uvumilivu atengeneze pia orodha ya SHA-256, ambayo ni kama alama ya kidole gumba kwa kila faili. Faili likibadilika hata biti moja, alama yake hubadilika. TeraCopy hutengeneza orodha hiyo kwenye Windows na huikagua tena mwaka unaofuata. Hapo utajua picha imeharibika kimya kimya kabla hujaisambaza kwenye nakala zote tatu.

Diski ikitimiza miaka mitano, inunulie mrithi wake hata kama ni nzima. Ile kongwe iwe ya filamu.

Diski ikianza kugonga

Ukisikia tik-tik, au folda zinachukua dakika kufunguka, au Windows inakuomba uifomati, jibu Hapana na uichomoe. Usiipige pige, usiiweke kwenye friza, usiifungue, usiipe kijana mwenye programu ya kurudisha mafaili aiendeshe usiku kucha, maana kila mzunguko wa sahani iliyojeruhiwa huongeza jeraha. Iweke pembeni. Chukua nakala nyingine, na kabla ya kuitazama picha hata moja, inakili yote kwenye diski mpya, kwa kuwa mpaka hapo umebakiwa na mbili.